KUTOA MADOA YA RANGI KATIKA NGUO

Shule nyingi hupakwa rangi wakati wa likizo. Wanafunzi warudipo mwezi wa Januari hukuta milango, madirisha na madawati yanameta, na kabla juma moja halijaisha utaona sare zimekwisha chafuka. Huyu ana mstari wa kijani mgongoni, yule ana doa jeupe gotini. Jambo hili huchekesha, lakini si dogo. Mwanafunzi wa bweni aghalabu ana mashati mawili tu ya shule. Likiharibika moja, hana budi kulifua lililobaki jioni na kulivaa asubuhi. Na hapa Sanya Juu, kwa baridi na ukungu wa mlimani, shati lililofuliwa jioni mara nyingi huvaliwa bichi. Kununua jingine ni kumwomba mzazi fedha ambazo pengine ameziweka kwa mbegu za mahindi.

Darasani twajifunza kemia kwa Kiingereza. Hapa nitaieleza kwa Kiswahili, ili mama aliye nyumbani na fundi apakaye rangi wapate faida pia. Neno kubwa la somo langu ni hili: doa la rangi halitoki kwa nguvu za mikono, bali hutoka kwa kujua mambo matatu, yaani ni rangi gani, ni nguo gani, na doa limekaa muda gani.

1. Rangi ni kitu gani?

Rangi ya kupaka ina vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni unga, ndio uletao wekundu, weupe au ukijani. Cha pili ni gundi, ndiyo iushikayo unga ule ukutani. Cha tatu ni kimiminiko, ndicho kiifanyacho rangi iwe nyepesi, ipakike kwa brashi. Rangi inapokauka, kimiminiko huenda zake hewani. Unga na gundi hubaki. Kwa hiyo, adui wetu hasa katika doa ni gundi. Tukiweza kuilegeza, unga nao huondoka.

Katika rangi ya maji, gundi ni punje ndogo sana za plastiki zieleazo ndani ya maji. Maji yakikauka, punje zile hukaribiana, hushikana, na mwisho huwa kama ngozi moja. Ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji. Ndiyo sababu twaweza kuosha rangi hii mikononi kwa urahisi ingali mbichi, lakini ukutani mvua hainyeshi ikaiondoa.

Katika rangi ya mafuta, gundi ni mafuta ya kitani, au utomvu uliotengenezwa kiwandani kwa mafuta ya mimea. Kimiminiko chake ni tina au tapentaini. Tina ikisha kwenda hewani, mafuta yale huvuta oksijeni na kugeuka kuwa kitu kigumu. Hapo si kukauka tu kama nguo ikaukavyo kambani. Ni badiliko la kemia, nalo halirudi nyuma.

Mfano mzuri ni picha za marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Yeye alitumia rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli, akachora juu ya mbao nyembamba. Alifariki mwaka 1972, lakini picha zake zatazamwa hata leo. Basi, rangi iwezayo kushika ubao zaidi ya miaka hamsini, itaondokaje shatini kwa sabuni na maji matupu ikisha kauka?

Namna ya tatu ni chokaa ya kupaka kuta. Hii haina plastiki wala mafuta. Chokaa mbichi hukutana na hewa ya ukaa, ile tuitoayo tunapopumua, ikageuka kuwa kitu kilekile kilichomo katika jiwe la chokaa. Dawa yake, kama tutakavyoona, ni tofauti kabisa na ya zile mbili.

2. Mambo ya kufanya kwanza

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Doa la dakika tano na doa la siku tano si kitu kimoja. Kwa hiyo, nguo ikiguswa na rangi, usingoje siku ya kufua. Fuata taratibu hizi:

(a) Komba rangi iliyozidi kwa kijiko au kisu butu, ukitoka ukingoni mwa doa kwenda katikati, ili lisipanuke.

(b) Usisugue. Kusugua huisukuma gundi ndani ya nyuzi. Bonyezabonyeza kwa kitambaa cheupe, na kila kitambaa kikichafuka geuza upande ulio safi.

(c) Jaribu dawa kwanza mahali pasipoonekana, kama kwenye upindo wa ndani. Khanga na vitenge vingine huchuja. Yafaa kujua hilo upindoni kuliko katikati ya ua lake.

(d) Usitumie maji ya moto, wala usipige pasi, kabla doa halijatoka. Joto huiharakisha gundi kushika.

(e) Tia dawa kwa upande wa nyuma wa nguo, ili doa lisukumwe litokee lilikoingilia.

3. Kila doa na dawa yake

Rangi ya maji ikiwa mbichi, pitisha maji baridi mengi kwa nyuma ya doa, kisha paka sabuni ya mche, fikicha polepole, suuza, na rudia hata maji yawe meupe. Ikiwa imekauka, ibanduebandue kwanza kwa kucha au kisu butu. Kisha lowesha kitambaa kwa spiriti, ukibonyeze juu ya doa. Spiriti huilainisha plastiki ile, ikapata kukombeka. Fua kwa sabuni baadaye.

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, maji hayasaidii, kwa sababu maji na mafuta havichanganyiki. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, kisha bonyeza kwa kitambaa kingine kilicholowa tapentaini, tina ya rangi ya mafuta, au mafuta ya taa kama hivyo viwili havipatikani. Rangi itashuka katika kitambaa cha chini. Doa likisha fifia, paka sabuni nyingi, fikicha, halafu suuza. Mafuta ya taa huacha harufu na alama ya mafuta, kwa hiyo fua mara mbili au tatu. Tapentaini halisi, wenzangu, hutoka katika utomvu wa msonobari, jamaa ya miti tuionayo katika mashamba ya misitu ya West Kilimanjaro.

Rangi ya mafuta iliyokauka ni kazi nzito. Iloweshe kwa tina, ingoje ilainike, ikombe, na urudie. Huenda likabaki kivuli. Ikiwa imekaa miezi mingi, huenda isitoke kabisa. Hapo ni afadhali kuligeuza shati liwe la shamba kuliko kulisugua hata litoboke.

Chokaa iache ikauke, kama nguo ni ya pamba, kisha ikung'ute na kuipiga brashi. Alama ikibaki, iguse kwa siki iliyotiwa maji, au kwa maji ya limau. Asidi iliyomo huyeyusha chokaa, nawe utaona mapovu madogo. Hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka. Suuza vema. Lakini sweta ya sufi usiiache na chokaa mbichi, maana chokaa hula sufi. Isuuze upesi kwa maji baridi mengi.

4. Nguo zenyewe

Pamba ni imara, huvumilia dawa karibu zote tulizozitaja, mradi rangi yake isichuje. Sare nyingi ni mchanganyiko wa pamba na polista, nazo huvumilia pia. Sweta ya sufi haitaki maji ya moto wala kufikichwa, kwani nyuzi zake hushikana ikanywea, nasi huku kwenye baridi twaihitaji sana. Kitambaa laini kiitwacho asetati, kilichomo katika nguo na bitana nyingine, huyeyuka kwa asetoni, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha. Na tina kali ya rangi za magari yaweza kukiharibu vilevile.

Zulia na kochi haviingii beseni. Hivyo, komba kwanza, kisha bonyeza kwa kitambaa chenye dawa kidogo, halafu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mwisho kwa kitambaa kikavu. Usimwage dawa juu yake, maana itapenya chini usikoweza kuifikia.

5. Hatari zake

Nawasihi wenzangu wa mabweni tusipite sehemu hii upesi, kwani shati hununuliwa lakini uhai haununuliwi.

Usitumie petroli kamwe. Wengine hudhani kwamba baridi huizuia isiwake. Sivyo. Petroli hutoa mvuke uwezao kushika moto hata katika baridi kali kuliko barafu, sembuse asubuhi ya Julai hapa Sanya Juu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na jiko au mshumaa. Mafuta ya taa, tina na spiriti navyo huwaka, basi vitumiwe nje, mchana, mbali na moto. Wala usipige nguo pasi ya mkaa hali ingali inanuka.

Matambara yenye rangi ya mafuta yasirundikwe. Nimeeleza kwamba mafuta ya kitani huvuta oksijeni. Kazi hiyo hutoa joto, na katika rundo joto halipati pa kutokea. Matambara yaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, moto ulioanzia katika matambara ya namna hiyo uliunguza jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza, na wazima moto 3 walikufa. Basi, yatandaze nje moja moja yakauke, au yatie katika ndoo ya maji.

Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, haitoi rangi ya kupaka. Hufifisha rangi ya nguo yenyewe. Tena usiichanganye na siki wala limau. Hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Mwisho, tina usiimwage mferejini. Maji ya mfereji yakitoka kwako huenda kwa jirani, kwenye mboga zake na ng'ombe wake.

6. Jaribio

Atakaye kuyahakikisha haya achukue kitambaa kikuukuu cha pamba, akikate vipande vitatu, atie tone moja la rangi ya maji katika kila kipande. Cha kwanza akioshe papo hapo kwa maji baridi na sabuni, cha pili baada ya saa moja, cha tatu kesho yake. Kisha avianike pamoja na kuvilinganisha. Afanye vivyo hivyo kwa rangi ya mafuta, mara kwa maji na mara kwa tapentaini, na mwalimu awepo. Aandike alichokiona, si alichokitarajia. Hiyo ndiyo sayansi.

Wazazi wetu na walimu wetu, mtakapopaka rangi tena, wekeni karibu ndoo ya maji, sabuni ya mche na kitambaa cheupe kabla kopo halijafunguliwa. Nasi wanafunzi, tuulize kwanza kama mlango umekauka ndipo tuuegemee. Gharama ya kuuliza ni ndogo kuliko bei ya shati.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne