Simu na Mwanachuo: Tupime kwa Kipimo Gani?

Somo: 1 Wakorintho 6:12



Kila likizo ya vyuo inapofika tunasikia lalamiko lile lile hapa Ilongero: mtoto amerudi, lakini uso wake hatujauona, tumeona utosi tu. Mzazi aliyeuza alizeti ili apate karo hukasirika, na papo hapo hutoa hukumu kwamba kijana amekuwa mtumwa wa simu. Neno hilo ni zito. Je, limepimwa?

Wengi wetu hupima kwa saa. Lakini mwanachuo wa siku hizi hupokea masomo kwa simu, huomba mkopo wa Bodi kwa simu, na hata fedha za matumizi tunamtumia kwa simu hiyo hiyo. Saa nyingi peke yake hazithibitishi neno. Tena mtu akiulizwa ametumia saa ngapi, mara nyingi jibu lake halilingani na hesabu ya simu yenyewe.

Wataalamu wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2005 huko Australia, Bianchi na Phillips walitoa maswali 27 juu ya matumizi mabaya ya simu za mkononi. Mwaka 2013 huko Korea ya Kusini, Min Kwon na wenzake walitoa maswali 33, kisha wakayapunguza yakabaki 10. Hayo 10 ndiyo yaliyoenea.

Nayo ni maswali ya nyumbani kabisa. Je, kazi uliyoipanga imelala kwa sababu ya simu? Unashindwa kutulia darasani? Shingo au kifundo cha mkono vinauma? Simu isipokuwepo mkononi unakosa subira? Ulikusudia kuitumia kidogo, ukajikuta umepitiliza? Kila swali hupewa alama 1 hadi 6, hivyo jumla ni kati ya 10 na 60. Mvulana akifika 31, au msichana 33, huhesabiwa kuwa hatarini.

Lakini tuangalie. Mipaka hiyo ilipatikana kwa vijana wa shule wa Korea, si kwa wanachuo wetu walioko Singida mjini au Dodoma. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeweka ugonjwa wa michezo ya kompyuta, lakini uraibu wa simu halikuuweka. Kwa hiyo mzazi asichukue alama 34 akaitangaza kijiji kizima kana kwamba ni cheti cha daktari. Aketi na mwanawe, waulizane.

Mtume Paulo hakuishia kuuliza kama jambo ni halali. Aliuliza pia kama linafaa, na kama limemtawala. Swali la 7 la Wakorea liko karibu sana na hapo: je, unaona maisha yako ya kila siku yanaharibika, na bado huwezi kuiacha? Mwenye alama ndogo aliyejibu "ndiyo" hapo anatutia wasiwasi kuliko mwenye alama nyingi za shingo na kifundo.

Swali la 10 huuliza kama watu walio karibu nawe husema unazidisha. Hilo mtu asijijibu mwenyewe, awaulize wa nyumbani mwake. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulijipima pia. Aliyepata alama nyingi kuliko wote, 36, ni mzee mwenye mvi, na mkewe ndiye aliyemjibia swali hilo.