Mbegu Mbovu Dukani: Mnunuzi Afanye Nini?

Mtu akinunua sukari iliyochanganywa na mchanga, amepoteza fedha za siku moja. Lakini mkulima akinunua mbegu mbovu, amepoteza msimu mzima. Fedha za mbegu zimekwenda, za kulimisha zimekwenda, mbolea imekwenda, na mvua haitamngoja. Siku za mavuno zikifika ghala ni tupu, na karo ya watoto inadaiwa.

Wengi wakipatwa na jambo hili husema, "Ni bahati yangu," wakanyamaza. Si bahati kila mara. Mara nyingine ni hila ya biashara, nayo imekatazwa na sheria za Kenya. Katika somo hili tutaona sheria zampa mnunuzi nini, na yeye mwenyewe alete nini ili zimsaidie.

HILA ZA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni uongo wa muuzaji. Mahindi ya kula hutiwa rangi, yakafungwa katika pakiti inayofanana na ya mbegu njema. Mfuko ulioandikwa kilo 50 haufiki kilo 50. Au mizani ya dukani haina muhuri wa wakaguzi wa Mizani na Vipimo.

Namna ya pili ni mapatano ya siri. Wenye maduka wa soko moja hukutana wakapanga bei moja, hata ukizunguka maduka yote hupati nafuu. Wengine hukuambia, "Sikuuzii mbolea mpaka ununue na dawa hii." Biashara ya haki ni kushindana. Wauzaji wakiacha kushindana, anayelipa ni mnunuzi.

SHERIA ZASEMA NINI

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kuelezwa habari zake, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 yakataza maneno ya uongo katika kuuza. Aliyedanganywa aweza kuvunja mapatano hayo na kudai fedha zake na fidia, ila atoe taarifa kabla ya mwaka mmoja kupita.

Tena sheria ya uuzaji wa bidhaa yasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, nawe ukategemea ujuzi wake, yampasa akupe inayofaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe mbegu ya mahindi." Sema shamba lako liko wapi, na mvua yenu ni ya muda gani.

Mapatano ya kupanga bei yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Usidhani ni maneno matupu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliyatoza makampuni tisa ya chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa makosa ya namna hii. Lakini fahamu kwamba faini huenda serikalini. Fedha zako wewe utazidai mahakamani.

NGUVU YA KARATASI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka akishtakiwa atasema mambo mawili: "Hukununua kwangu," na "Ni mvua iliyokosa." Uwe tayari kuyajibu yote mawili. Fanya hivi:

1. Dai risiti yenye tarehe, jina la duka, aina ya mbegu na namba ya fungu iliyo juu ya pakiti.

2. Kabla ya kufungua pakiti, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Tuma namba utakayoiona kwa ujumbe wa simu kwenda 1393. Usipopata jibu zuri, usipande. Rudi dukani.

3. Usitupe pakiti baada ya kupanda. Acha na mbegu kidogo ndani yake, uihifadhi mahali pakavu.

4. Mbegu zisipoota, usilime upya mara moja. Mwite afisa wa kilimo aone shamba, naye aandike alichokiona. Mbele yake hesabu mbegu 100 kati ya zile ulizohifadhi, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku saba hesabuni zilizoota. Zikiota chache sana, hapo mvua haina lawama.

MAHALI PA KWENDA

Kwanza mrudie mwenye duka ukiwa na shahidi, umweleze kwa upole. Huenda naye alidanganywa na aliyemletea. Akikataa, mwandikie barua, ubaki na nakala. Habari za mbegu bandia zipeleke KEPHIS, za mizani kwa wakaguzi wa Mizani na Vipimo, na za kupanga bei kwa Mamlaka ya Ushindani.

Kudai fedha zako kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria yataka kesi iishe katika siku 60. Uliza makarani wa mahakama iliyo karibu nawe ni wapi inapokaa.

Mkulima anayedai haki yake hajisaidii peke yake. Pakiti mbovu ikiondolewa dukani, jirani yake hataipanda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, risiti ya mbegu ulizopanda msimu uliopita iko wapi sasa?

2. Kwa nini si vizuri kulima upya kabla afisa wa kilimo hajaliona shamba?

3. Ikiwa watu kumi wa kijiji kimoja walinunua mbegu za fungu lile lile, na zote hazikuota, wasaidianeje kutoa ushahidi?