Kufundisha Uchunguzi wa Kasoro za Usukani katika Pikapu Iliyoinuliwa

Katika ufundi wa magari, kazi ya kufungua na kufunga wanafunzi hujifunza upesi, maana mkono hufuata jicho. Kutafuta kasoro ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya kufikiri, na aghalabu sisi wakufunzi tumeifundisha kana kwamba ni kazi ya kukariri. Makala hii inaeleza somo moja nililolifundisha vibaya, kisha nikalazimika kulifundisha upya.

Pikapu moja ya Toyota Land Cruiser, ya aina ya 79, ililetwa katika karakana yetu. Mwenyewe alikuwa ameiinua milimita 50 kwa kuweka springi ndefu zaidi mbele na nyuma, ili isikwame katika njia za mashambani wakati wa masika. Dereva wake, mzee mwenye uzoefu mwingi, alieleza kwamba tangu siku ile gari halishiki njia. Likifika mwendo wa kilomita 70 kwa saa hutangatanga, naye hana budi kulirekebisha kwa usukani bila kupumzika.

Wanafunzi wangu walikuwa na jedwali nililowaandikisha mimi mwenyewe, lenye safu tatu: dalili, sababu, dawa. Walitafuta neno “kutangatanga”, wakakuta “ncha za tairodi zimekwisha”. Wakabadili ncha zote mbili. Gari likaendelea kutangatanga. Safu ile ikasema pia “boksi la usukani limelegea”, basi nikawaruhusu kukaza skrubu ya boksi. Usukani ukawa mzito, tukadhani tumefaulu, dereva akaondoka. Kesho yake alirudi. Alikuwa amekata kona, usukani haukurejea wenyewe kama alivyozoea, na gari lenye abiria nyuma likaelekea mtaroni kabla hajaliwahi. Aliniambia mbele ya darasa, “Mwalimu, mmenirudishia gari gumu, si gari zima.” Sikuwa na la kujibu.

Kosa halikuwa la wanafunzi. Jedwali la dalili na dawa huchukulia kwamba gari liko kama lilivyotoka kiwandani, na kwamba kitu fulani kimechakaa au kimevunjika. Katika gari lililoinuliwa huenda kila kifaa ni kizima, lakini pembe zake zimebadilika. Mwanafunzi anayetafuta kilichovunjika hataiona pembe hata akiishika kwa mkono. Kwa hiyo swali la kwanza la somo jipya lilikuwa hili: je, nini kimebadilika mahali, na kimevuta nini pamoja nacho?

Somo lenyewe

Tulianza bila spana. Niliwapa tepu ya kupimia, timazi, chaki na vipande vya mbao vyenye misumari. Kwa mbao hizo walitengeneza umbo la ekseli ya mbele likitazamwa kwa ubavu. Katika pikapu hii ekseli ya mbele ni moja ngumu, imekaa juu ya springi za koili, nayo inashikwa na mikono miwili inayoelekea nyuma hadi kwenye chasisi. Mkono umefungwa kwenye ekseli kwa namna ambayo haviwezi kupinda kila kimoja peke yake. Chasisi ikipanda, ekseli hubaki chini, mkono huinama mbele, na ekseli nzima hujizungusha kidogo pamoja nao. Wanafunzi waliliona hilo katika mbao zao kabla sijalitamka.

Hapo ndipo nilipoleta neno kasta. Nilitumia baiskeli. Foku yake imelala nyuma kidogo, na ukifuatisha mstari wa shingo yake hadi chini, mstari hugusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma ya mstari kama mkokoteni unavyomfuata punda, na baiskeli hujinyoosha yenyewe. Gurudumu la mbele la gari lina mlalo wa namna hiyo. Ekseli ikijizungusha mbele, mlalo hupungua, na usukani hupoteza hamu ya kurejea katikati. (Mwalimu ajihadhari na neno jirani, kamba, ambalo ni mlalo wa gurudumu kwa upande. Mwanafunzi mmoja alikwenda stoo kuomba kamba ya kufungia mzigo.)

Kisha hesabu. Tuseme mkono una urefu wa milimita 900 nao ulikuwa karibu kulala sawa. Gari limepanda milimita 50. Gawanya 50 kwa 900, upate karibu 0.056, pembe yenye tanjenti hiyo ni nyuzi 3 na kidogo. Gari la namna hii hupewa kasta ya nyuzi chache tu kiwandani. Darasa likanyamaza. Walikuwa wameona kwamba karibu mlalo wote umekwisha, na kwamba kukaza boksi la usukani kuliongeza ukinzani mahali ambapo nguvu ya kurejea ilikuwa imetoweka. Dawa yake ni kuurejesha mlalo, kwa mfano kwa bushi za mikono ambazo tundu lake halipo katikati, kisha kuipima kasta kwa chombo.

Fimbo ya ubavu, ile inayozuia ekseli isihame kulia au kushoto, ilitupa somo la kupendeza zaidi. Wanafunzi waliamini kwamba kuinua gari lazima kuihamishe ekseli sana. Tulikokotoa kwa fimbo ya milimita 1,000. Ikiwa mwanzoni imelala sawa, kushuka milimita 50 upande mmoja huivuta ekseli kwa milimita 1 na robo tu. Ikiwa tayari ilikuwa imeinama milimita 100, milimita 50 zilezile huivuta kwa zaidi ya milimita 6. Ekseli huvutwa kuelekea upande ambao fimbo imefungwa kwenye chasisi, na timazi kutoka chasisi hadi tairi, kushoto na kulia, huonyesha tofauti. Hivyo basi jibu haliwezi kutolewa kabla ya kupima gari lililopo.

Fimbo ndefu itokayo kwenye mkono wa boksi la usukani hadi kwenye gurudumu nayo huinama, na matokeo yake usukani hukaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja. Mafundi wengi huchomoa usukani na kuurudisha katika meno mengine. Jambo hilo likatazwe darasani. Boksi linapaswa kuwa katikati yake wakati magurudumu yamenyooka. Kinachorekebishwa ni urefu wa fimbo. Tena fimbo hii na ile ya ubavu zinapaswa kuinama kwa pembe inayokaribiana. Ikiwa mabano ya moja yameshushwa na ya nyingine yameachwa, gurudumu litajigeuza kila gari linapopita tuta. Ili kuliona hilo, mmoja ashike usukani, wawili wakandamize bampa na kuiachia, wengine waangalie magurudumu.

Gari likitetemeka usukani kwa nguvu baada ya kupita shimo, huo si utangatangaji, ni ugonjwa mwingine. Huko uchakavu huhusika kweli: bushi za fimbo ya ubavu, beringi za kingipini, tairi lisilo na mizani. Weka kabari, vuta breki ya mkono, washa injini, mmoja achezeshe usukani polepole kulia na kushoto, wengine waguse kila kiungo bila kuingiza vidole katikati. Dampa mpya ya usukani isifungwe kabla ya hapo, kwani huficha tu.

Wanafunzi wasidhani kwamba kanuni hizi zinalifaa kila gari. Hilux za tangu mwaka 2005 zina mikono ya pekee kwa kila gurudumu la mbele, na huko kuinua hubadili pia kamba na mwelekeo wa tairi.

Tulipokuwa tukimaliza, mwanafunzi mmoja aliyekuwa chini ya gari upande wa nyuma aliuliza, “Mwalimu, hiki chuma chembamba kinachotoka ekseli kwenda kwenye vali ya breki, nacho si kimevutwa?” Sikuwa nimekiweka katika maandalio yangu. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli. Chasisi ikipanda, vali huambiwa kwamba gari ni tupu, nayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma hata kama pikapu imejaa magunia. Tulirekebisha mabano yake kwa kipimo cha kiwanda, tukakagua na mipira ya breki kama haijakazwa kupita kiasi springi zinaponyooka. Mwanafunzi yule nilimpa alama zote za zoezi, ingawa siku nzima hakushika spana.