Kufundisha Watoto Kuvuka Barabara kwa Vitendo

Mara nyingi somo la usalama barabarani huishia darasani. Watoto huitikia kwa pamoja, "Simama, tazama, sikiliza," na kipindi kikaisha. Lakini mtoto aliyekariri maneno hayo hajajifunza bado kupima mwendo wa gari. Twashauri basi somo hili lifundishwe uwanjani.

Mazingira
Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita Makambako, na hapo ndipo ichepukapo barabara ya Njombe na Songea. Malori makubwa hupita mchana na usiku. Njombe nako, ukungu wa asubuhi huweza kuifunika barabara saa ile ile watoto waendapo shuleni.

Vifaa
Kamba ya mita 14, majivu, kijiti na baiskeli moja.

Hatua ya kwanza
Mwalimu achore kwa majivu mistari miwili iliyoachana mita 7. Hiyo ndiyo barabara. Mtoto mmoja avuke kwa kutembea, wenzake wakihesabu sekunde. Tuseme ametumia sekunde 7.

Hatua ya pili
Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Watoto wapime kamba mara 7 kutoka pale wanapovukia, kisha wasimike kijiti. Watajionea wenyewe kuwa lori lililo kwenye kijiti, karibu mita 100, litawafikia wakati wanapomaliza kuvuka. Na liendalo kasi zaidi litawakuta katikati.

Hatua ya tatu
Mwalimu aulize: siku ya ukungu, je, kijiti kile chaonekana? Watoto wajibu wenyewe. Kisipoonekana, macho hayatoshi. Yawapasa kungoja, kusikiliza, na kuvuka kwa kundi wakiongozwa na mtu mzima. Sweta za rangi ya giza hazionekani upesi; kitambaa cheupe mgongoni husaidia.

Kutembea na kuendesha
Magari yetu hupita kushoto. Kwa hiyo aendaye kwa miguu, pasipo na njia ya miguu, hutembea upande wa kulia akiyaelekea magari; mwendesha baiskeli hupita kushoto. Watoto huweza kuchanganya kanuni hizi mbili, hivyo kila moja ipewe kipindi chake. Mtoto apitishaye mguu katikati ya fremu kwa sababu baiskeli ya baba ni kubwa hawezi kusimama upesi; huyo aikokote afikapo barabara kuu. Breki na kengele zikaguliwe kila wiki.

Tathmini
Majibu ya daftarini hayatoshi. Mwalimu asimame kando ya barabara wakati wa kutoka shule, aone nani angoja na nani akimbia. Akimbiaye arudishwe uwanjani.

Zoezi
Tembea njia moja waipitayo wanafunzi wa shule yako ya mazoezi. Chora ramani yake, utie alama mahali ambapo dereva na mtoto hawaonani. Kisha andaa somo la dakika 40 juu ya mahali hapo.