Dondoo muhimu: Ukienda kupima macho

Nenda na miwani yako ya zamani, hata kama imevunjika, pamoja na majina ya dawa unazotumia. Kisha mweleze mpimaji kazi yako. Fundi cherehani anahitaji kuona sindano iliyo karibu na uso. Dereva wa daladala anahitaji kuona mbali. Miwani ya mmoja haimfai mwingine, na ile ya kununua barabarani, yenye nguvu sawa kwa macho yote mawili, haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Ukikaribia miaka 40 ukajikuta unaisogeza simu mbali ili usome, usiogope, ni umri.

La kuogopa ni presha ya macho. Mara nyingi haiumi mwanzoni, na uoni ukishapotea haurudi. Kama mzazi au ndugu yako anayo, sema, uombe upimwe. Mwenye kisukari achunguzwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Ukiwekewa matone ya kupanua mboni, usiendeshe gari wala pikipiki. Ukungu hukaa saa kadhaa.

Usiondoke bila karatasi ya vipimo vyako.