Kipimajoto cha Mawingu ya Angani: Jinsi Molekuli Zinavyopokezana Nishati na Haidrojeni

Muuguzi anapoweka kipimajoto cha kioo kwapani mwa mtoto, hakiondoi papo hapo. Husubiri joto la mwili lipite na kuingia katika kipimo. Akikitoa mapema, kitasoma chini ya ukweli, na mtoto mwenye homa atahesabiwa kuwa mzima. Wanaastronomia hukabiliwa na suala hilo hilo wanapopima joto la mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota, mahali pasipofikika kwa kipimo chochote.

Sehemu kubwa ya mawingu hayo ni haidrojeni, ambayo atomi zake zimeungana mbili mbili. Katika baridi inayokaribia nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri, molekuli hiyo haitoi mawimbi yanayopokelewa kwa urahisi. Kwa hiyo wanasayansi hutegemea mwenzake aliye haba, kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mwaka 1970, Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliigundua katika wingu la Orion kwa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 2.6.

Molekuli hii huzunguka kwa ngazi maalumu za nishati. Haidrojeni inapoigonga, sehemu ya nishati ya mwendo huhamia kwake na kuipandisha ngazi. Mgongano mwingine huweza kuishusha, na nishati hiyo humrudia haidrojeni. Isipogongwa, hushuka yenyewe kutoka ngazi ya kwanza, kwa wastani baada ya miezi 5 hivi, ikitoa wimbi la redio.

Katika wingu lenye molekuli 10,000 za haidrojeni kwa kila sentimita moja ya ujazo, mgongano wa kuishusha hutokea kwa wastani baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa. Hivyo migongano hutangulia, na mgawanyo wa molekuli katika ngazi hulingana na joto halisi la gesi. Zikiwa 100 tu, mgongano wa namna hiyo husubiriwa takriban miaka 10. Molekuli hupoteza nishati yake kabla ya kugongwa tena, na wingu huonekana baridi kuliko lilivyo.

Sianidi ya haidrojeni hushuka yenyewe ndani ya saa 12 hivi. Huhitaji migongano mingi zaidi. Kwa sababu hiyo hutumika kutafuta sehemu nzito za mawingu, ambamo nyota huzaliwa.

Ndiyo maana wataalamu hukokotoa kwa uangalifu kasi ya migongano kwa kila molekuli na kila kiwango cha joto. Bila hesabu hizo, wangesoma namba wasijue kama kipimo kiligusana vya kutosha na kinachopimwa. Na hilo ndilo swali la kwanza pia kwa muuguzi, au mzazi, anayesoma joto la mtoto.