WAZEE NA VIJANA HAWAULIZI MASWALI MAMOJA

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma ukubwani. Je, ungefanyaje kama ungeambiwa, "Hujui kusoma, huna kura"? Na ukishajua kusoma, ukaambiwa bado?

Hayo yaliwapata Wamarekani Weusi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani waliwekewa mtihani wa kusoma. Karani Mzungu ndiye aliyechagua swali, na ndiye aliyesahihisha. Hata mwalimu Mweusi aliweza kuangushwa. Mwanzoni mwa 1965, katika jimbo la Mississippi, kati ya watu wazima Weusi 100, walioandikishwa kupiga kura hawakufika 7.

Tarehe 7 Machi 1965, huko Selma, Alabama, watu walioandamana kudai kura walipigwa virungu na polisi. Mwezi Agosti sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa saini. Mitihani ile ikasimamishwa katika majimbo kadhaa ya kusini. Kufikia 1967, huko Mississippi, karibu watu 60 katika kila 100 walikuwa wameandikishwa.

Haya. Vijana wa siku zile sasa ni wazee. Mzee akimtazama mgombea huuliza: Tunamjua? Siku za taabu alikuwa upande gani? Anaweza kushinda? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kijana alizaliwa akaikuta kura ipo. Yeye huuliza: Utafanya nini juu ya kazi? Deni langu la masomo je? Na polisi wanaotuua? Mwaka 2014, mjini Ferguson, Missouri, vijana wengi waliandamana baada ya polisi kumpiga risasi na kumwua kijana Mweusi asiye na silaha.

Mwaka 2020 tofauti hii ilionekana wazi. Chama cha Democratic kilikuwa kinatafuta mgombea urais. Huko South Carolina, Jim Clyburn, mbunge Mweusi wa miaka 79, alitangaza kwamba anamtaka Joe Biden. Siku tatu baadaye Biden akashinda. Wazee Weusi walimpa kura nyingi sana. Lakini vijana Weusi walivutwa na Bernie Sanders kuliko wazee wao.

Angalia hapa: Sanders alikuwa mkubwa kwa umri kuliko Biden. Basi vijana hawakufuata ujana. Walifuata ahadi. Wazee nao walimfuata mtu waliyemzoea.

Nani amekosea? Mzee anakumbuka alikotoka. Kijana anatazama anakokwenda. Mzee asiseme, "Kijana huyu hana shukrani." Kijana asiseme, "Mzee huyu mwoga." Wakae, waulizane sababu. Kisha kila mmoja aingie peke yake kupiga kura. Kura ya mtoto si ya baba, wala ya baba si ya mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtihani wa kusoma haukuwa wa haki?
2. Mzee anataka kujua nini juu ya mgombea? Na kijana je?
3. Wewe na mwanao mkimtazama mgombea, mnauliza maswali gani?